Meza ya mninga ya Keko: mikwaruzo ilivyotuchagulia mashine ya msasa

Meza yenyewe ilikuwa ya mninga, mita 2.4 kwa 1.1, na viti vinane. Ilishapigwa sila (rangi ya kuziba vinyweleo vya mbao) na mikono miwili ya vanishi, imefunikwa shuka, inasubiri gari. Mteja akapita karakana, pale Keko, Dar es Salaam, aione kabla haijapakiwa. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua limeinama linaingia mlangoni. Mama wa watu akafunua shuka, akapitisha kiganja, akarudi hatua mbili, akainama kuiangalia kwa upande wa mwanga.

"Fundi, hii nini hii?"

Fundi alinipigia usiku ule ule. Wala hakuuliza kakosea wapi. "Kaka, niambie ninunue mashine gani ya msasa, kesho nashuka madukani Gerezani."

Nikamwambia asishuke. Anisubiri, na meza asiiguse.

Mashine tunayoizungumzia ni ile ndogo ya diski ya duara, unaishika kwa kiganja. Dukani wanaiita sanda ya obito. Mimi naiita mashine ya msasa tu, kwani kwetu sanda ni nguo ya maiti na sitaki kuitaja kila asubuhi. Siri yake iko ndani: pedi, ile sahani ya chini inayobandikwa msasa, haikufungwa katikati ya shafti, imefungwa kando kidogo, tena juu ya beringi yake yenyewe. Shafti ikizunguka, pedi inachora viduara vidogo vya haraka, na wakati huo huo inajigeuza taratibu kwa uhuru wake. Punje moja ya msasa hairudii njia iliyopita. Ndiyo maana unaweza kupita nayo hata ukikata nyuzi za mbao na bado ukapata uso safi, jambo ambalo mashine ya mkanda haikuruhusu.

Hiyo ni ikiwa nzima na imelishwa vizuri. Ya fundi haikuwa na hata moja kati ya hayo mawili.

Asubuhi nilikwenda na rula ya chuma na tochi ya simu. Ukitaka kuona uso wa mbao, usimulike kutoka juu. Laza simu juu ya meza yenyewe, mwanga uteleze sambamba na mbao, nawe uchungulie kutoka upande wa pili. Kila kasoro inatupa kivuli. Tulipofanya hivyo fundi akashika kichwa. Vanishi inayong'aa haifichi kitu. Mkwaruzo ambao mbao kavu iliumeza, vanishi inautoa hadharani.

Kulikuwa na alama za aina tatu, na kila moja ilikuwa na mzazi wake.

Ya kwanza ndiyo aliyoiona mteja: vijipete vilivyofuatana kama springi ya kalamu iliyovutwa, au mkia wa nguruwe. Niliweka rula juu yake. Kila kijipete kilikuwa na upana wa milimita mbili na kitu, yaani ule ule mduara mdogo ambao pedi inauchora. Kwa hiyo ilikuwa mashine, na kulikuwa na punje moja ngeni chini ya diski, kubwa kuliko wenzake, inayochimba kila mzunguko. Nikamuuliza alianza na msasa gani. P80. Halafu? P180. Basi. Namba ikiwa ndogo punje ni kubwa: ya P80 ina wastani wa mikroni 200 hivi, ya P180 ni 82. Punje moja ya P80 iliyodondoka na kubaki juu ya meza, ukiikanyagia diski ya P180, inakuchorea springi kutoka kona hadi kona. Na hata isingedondoka, kuruka kutoka 80 hadi 180 kunaiachia P180 kazi ya kufuta makovu ambayo si saizi yake.

Lakini kwa nini punje ibaki pale, wakati mashine inanyonya vumbi? Nikageuza mashine. Pedi ilikuwa na matundu 8. Diski aliyobandika haikuwa na tundu hata moja. Alinunua diski zisizo na matundu kwa sababu ni rahisi, na muuzaji alimwambia zote zinabandika. Kweli zote zinabandika. Ila feni ya ndani inavuta hewa kupitia matundu yale, na ukiyaziba, vumbi lote linabaki kati ya msasa na mbao, linasagwa, linachemka, linaganda kwenye msasa kama vidonge vyeusi. Mninga una mafuta yake, huganda haraka. Nilibandua ile diski ya mwisho nikamwonyesha: katikati imejaa ukoko, pembeni haijaguswa.

Alama ya pili walikuwa hawajaiona kabisa. Mistari mirefu ya kupinda, kama upinde, urefu wa kidole, mingi ikiwa karibu na kingo za meza na pale ambapo fundi husimama kuanza kazi. Huyu hakuwa mtoto wa punje ngeni. Niliwasha mashine ikiwa hewani. Pedi ilianza taratibu, kisha ikaongeza kasi, ikaongeza, mpaka ikalia kama feni ya dari iliyolegea. Mashine nzima ina pete ya mpira inayogusa mgongo wa pedi na kuizuia isikimbie inapokuwa hewani. Hiyo ndiyo breki yake. Ya hii ilishaliwa, imebaki uzi. Kila mara kijana wake alipoinyanyua na kuishusha tena, diski iligusa mbao ikiwa kwenye mbio kamili, ikakata upinde mmoja kabla ya kutulia. Pete ile ni kipande kidogo cha mpira ambacho kingebadilishwa kwa bisibisi, lakini kwa mashine ile ya jina lisilojulikana hakuna duka tulilolipata lenye spea yake.

Ya tatu ndiyo iliyonikata maini. Mabonde. Niliegemeza rula ya chuma kukata upana wa meza, nikamulika tochi nyuma yake, mwanga ukapenya chini ya rula sehemu nne. Mabonde ya nusu mwezi, marefu kama kiganja. Sikuhitaji kuuliza, ila niliuliza. Mbao ziliungana na kingo hazikulingana, akachukua grenda, akaifunga diski ya msasa, akapiga "kidogo tu." Grenda ya kawaida inakwenda mizunguko kama 11,000 kwa dakika, inakula kwa ukingo, na mkono wa binadamu hauna namna ya kuilaza sawasawa. Nusu ya mafundi wa mjini hufanya hivyo na wengi wanaponea kwenye stuli na vitanda. Juu ya meza ya mita 2.4 inayokaa dirishani, hauponi.

Sasa ndio tukaanza kuzungumza kuhusu mashine, na orodha ya kununulia ilikuwa imeshajiandika yenyewe: iwe na breki inayofanya kazi, ipate diski za matundu yanayolingana na pedi, spea zake zipatikane. Kuhusu mabonde nilimwambia mapema ili asije kunilaumu: hakuna mashine ya aina hii itakayoyaondoa. Pedi yake ni laini, inaufuata uso ulivyo. Ukiipitisha kwenye bonde, inalisafisha bonde, linabaki bonde linalong'aa.

Tulishuka Gerezani mchana.

Duka la kwanza lilitupa kishawishi. Mashine ya mtumba kutoka Uingereza, diski ya milimita 150, nzito, imetunzwa. Muuzaji akasema hii ya Mzungu, haifi. Fundi macho yakamtoka. Mimi nilitazama waya: plagi ya njano, ya duara. Vifaa vya maeneo ya ujenzi kule Uingereza hutumia volti 110 kupitia transfoma, ili mtu akipigwa na umeme asipate zaidi ya volti 55 kuelekea ardhini. Ni utaratibu mzuri sana kwao. Kwetu soketi inatoa 230. Kuna mafundi wanaokata ile plagi, wanafunga ya kwetu, wanawasha, na amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, inaungua kabla hawajamaliza kutabasamu. Ungeweza kununua na transfoma, ukawa unabeba boksi la kilo kadhaa kila unapokwenda kwa mteja. Tuliiacha. (Ukikutana na plagi ya njano sokoni, soma kibati cha mashine, usisome uso wa muuzaji.)

Duka la pili walikuwa na mpya, boksi zuri, wati 450 zimeandikwa kwa namba kubwa kuliko jina. Fundi alikuwa tayari kulipa. "Kaka, wati zote hizo!" Hapa ndipo wengi huteleza, maana wanakuja na akili ya grenda. Kwenye grenda wati ni nguvu. Kwenye mashine hii unayoishika kwa kiganja na hutakiwi kuikandamiza, wati 250 hadi 300 zinatosha kwa diski ya milimita 125. Nilichokitafuta kwenye boksi ni ukubwa wa ule mduara mdogo, na haukuandikwa popote.

Mduara huo ndio tabia ya mashine. Wa milimita 2.5 hadi 3 unasafisha kwa upole na kuacha uso mzuri. Wa milimita 5 unakula haraka, na kijipete chake ni kipana, kinaonekana zaidi ukikosea. Na kuna mtego: kampuni nyingine huandika upana wa mduara mzima, nyingine huandika umbali wa pedi kutoka katikati, ambao ni nusu yake. Mtu anasoma 1.4 kwenye karatasi moja na 2.5 kwenye nyingine, anadhani ya pili ni kali zaidi. Zidisha 1.4 mara mbili upate 2.8, uone ipi kali.

Nikaomba tuiwashe ile mpya hewani. Muuzaji akakubali. Pedi ikapanda kasi, ikalia. Mpya kabisa kutoka boksi, na breki ni jina tu. Nikauliza bei ya pedi ya akiba. Hana, wala hajawahi kuleta. Tukashukuru.

Nikiri kwamba fundi alikuwa na mashine ya ndotoni, aliyoiona YouTube: zile za Mirka na Festool zenye mota isiyotumia kaboni (vile vipande vinavyolika ndani ya mota), diski 150, nyepesi, zinaunganishwa na vakyumu. Ni mashine za haki, sina neno. Lakini katika maduka tuliyopita hazikuwepo, zinaagizwa, na siku pedi ikichakaa utaagiza tena huku mteja amesimama mlangoni.

Hoja ya 150 dhidi ya 125 nilitaka tuimalize kwa hesabu, si kwa ubishi. Diski ya 150 ina eneo kubwa kwa asilimia 44. Inasikika kama utakimbia karibu mara moja na nusu. Lakini mashine hii inatakiwa itembee polepole, sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde, na kila mpito ufunike nusu ya uliopita. Kwa mwendo wa sentimita 2.5, ile 125 inamaliza uso wa meza yake kwa dakika 28 hivi, ile 150 kwa dakika 23 na nusu. Tofauti ni kama kunywa chai. Ukitengeneza milango na meza tupu kila siku, dakika hizo zinajumlishika, na 150 ya mduara mkubwa itakula mbao zaidi katika kila mpito, chukua. Fundi wetu ana viti vinane kwa kila meza moja, na migongo ya viti vile imepinda. Mashine ya kilo mbili na zaidi yenye pedi pana haina pa kukaa juu ya ubao wa sentimita 7. Viti ndivyo vilivyoamua.

Tulibakiwa na mbili, zote za milimita 125, zote za matundu 8, zote za kurekebisha kasi. Bosch GEX 125-1 AE, wati 250, mduara wa 2.5, kilo 1.3. Na Makita BO5041, wati 300, mduara wa 2.8, yenye mshikio wa pili mbele, na kasi yake inashuka hadi 4,000 wakati ya Bosch inaanzia 7,500. Zote mbili ziliwashwa hewani, zote mbili pedi ilitulia. Kusema kweli ningechukua yoyote. Fundi alichukua Makita kwa sababu ya mshikio, na kwa sababu duka lile lilikuwa na pedi na kaboni zake kwenye droo, tukaziona kwa macho. Kasi ya chini nayo ina maana: ukisugua sila au vanishi kati ya mkono na mkono, kasi kubwa inaichemsha na kuikunja.

Alinunua pedi moja ya akiba hapo hapo, kwa ushauri wangu, na alinung'unika. Vile vijiti vidogo vya velkro juu ya pedi huyeyuka ukikandamiza kwa kasi kubwa, kuanzia ukingoni, na ikishafika hapo diski inaruka kama kisosi. Mafundi wetu wanakandamiza. Nimeshaacha kubishana nao, ninawanunulisha pedi.

Fedha iliyobaki iliingia kwenye diski. P80 chache, P100, P120, P150 na P180, zote za matundu 8. Zile zake za zamani hatukuzitupa. Kijana alipasha moto kipande cha bomba jembamba kwenye jiko la mkaa, akaweka diski yenye matundu juu ya isiyo nayo kama kipimo, akachoma tundu moja moja. Zinanuka vibaya, lakini zinafanya kazi za miguu ya meza.

Na vumbi. Mashine ilikuja na kimfuko, kinakamata sehemu tu. Vumbi la mninga linawasha pua na koo, fundi alikuwa na kikohozi ambacho amekiita cha mafua tangu mwaka jana. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, hasa saratani ya pua. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupamba. Akanunua barakoa za kuchuja vumbi, FFP2, boksi moja. Vakyumu tuliiahirisha, na sababu ilikuwa jenereta: lake ni la kilowati moja. Linaiendesha mashine ya wati 300 bila jasho, lakini ongeza vakyumu ya wati 1,200 na umeme ukikatika kila kitu kinazima. Kwa sasa wanasugua nje, upepo ukitokea nyuma yao.

Kuiokoa meza kulichukua siku tatu. Vanishi hatukuisugua kwa mashine, ingeziba diski zote. Tuliikwangua kwa vipande vya kioo kilichovunjwa kwa ukingo mkali, kazi ya mzee yeyote wa Keko, na kijana aliifanya vizuri kuliko sisi wote. Halafu randa. Fundi aliranda mwenyewe, kimya, akikata mshazari, rula ikipitishwa kila baada ya dakika chache, mpaka mwanga ukaacha kupenya. Tulipoteza karibu milimita moja na nusu ya mninga, na mninga siku hizi haupatikani kwa bei ya mchezo.

Ndipo mashine mpya ikaguswa. Nilichora mistari ya penseli meza nzima, kama shuka la drafti. Sheria ilikuwa moja: penseli ikifutika yote sawasawa, umemaliza namba hiyo, ikibaki popote, hujamaliza, na hakuna kukandamiza ili ifutike haraka. P100, kisha brashi na kitambaa kufuta kila punje, penseli tena, P120, kufuta, penseli, P150, kufuta. Kijana alikuwa na mazoea ya kuwasha mashine hewani na kuishusha. Ilibidi nimshike mkono mara tano sita: iweke kwenye mbao kwanza, ndipo uwashe, ukimaliza, inyanyue taratibu huku bado inatembea, zima baadaye. Kabla ya P180 tukapitisha kitambaa chenye maji kidogo, nyuzi zikasimama, zikakauka, P180 ikazikata. Tukaishia hapo. Juu ya P180 kwa vanishi ya kupuliza ni kujifurahisha tu, uso ukilainika mno vanishi haina pa kushika.

Ukaguzi wa mwisho ulikuwa kwa spiriti. Unapangusa uso kwa spiriti, na kwa dakika moja hivi, kabla haijakauka, mbao inaonekana kama tayari ina vanishi. Tulizima taa, tukalaza simu. Tuliona springi mbili, fupi, karibu na kona. Fundi alizifuta kwa mkono, msasa juu ya kibao, akifuata nyuzi.

Mteja alirudi Jumamosi, saa ile ile ya jua la kuinama. Nadhani aliichagua makusudi. Aliinama tena vile vile. Akauliza viti viko wapi. Viwili tu ndivyo vilikuwa tayari, na fundi akamwomba wiki mbili, kwa sababu ile migongo iliyopinda, upande wa ndani, hata ile 125 haiingii. Yuko nayo hadi leo na msasa wa mkono, na ile pedi ya akiba bado inaning'inia msumarini kwenye nailoni yake.